Diski ya Usakinishaji Katika Kompyuta Isiyo na Mwangalizi: Hasara Zake na Namna ya Kuziepuka

Diski ya usakinishaji yenye uwezo wa kuwasha kompyuta hutengenezwa kwa kudhani kwamba kuna mtu aliyekaa mbele ya skrini. Mtu huyo ndiye anayeitia, anayechagua lugha, anayekubali diski kuu ifutwe, na mwishowe ndiye anayeitoa kabla kompyuta haijawaka upya. Akiondoka, kila hatua iliyomtegemea hugeuka kuwa kizuizi au hatari. Mwongozo huu unahusu kompyuta ambazo kwa kawaida hazina mtu karibu: seva iliyofungiwa chumbani, mashine inayoonyesha matangazo ukutani, kinasa picha cha kamera za ulinzi, kompyuta inayokusanya vipimo vya hali ya hewa mahali pasipofikika kirahisi, au kompyuta za maabara baada ya saa za kazi. Unaeleza kinachotokea diski au flashi ya usakinishaji inaposahaulika ndani yake, kisha unaonyesha namna ya kupanga mambo ili kompyuta hiyo iweze kuwaka yenyewe, kutoka kwenye diski yake yenyewe, kila inapozimika.

Kompyuta inavyoamua iwake kutoka wapi

Kuwasha kompyuta kwa CD kulipata kanuni ya pamoja mwaka 1995, pale Phoenix Technologies na IBM zilipotoa maelezo ya kiufundi yajulikanayo kama El Torito. Kwa kanuni hiyo, BIOS, yaani programu ya ubao mama inayoanza kazi kabla ya mfumo endeshi, hutazama mahali maalumu kwenye diski, na ikikuta humo programu ya kuwashia huiendesha bila kumwuliza mtu yeyote. UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, huhifadhi kwenye kumbukumbu ya ubao mama orodha iitwayo BootOrder, ambayo hutaja vifaa vya kuwashia kwa mfuatano. Kwa vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa, UEFI hutafuta faili yenye njia maalumu, ambayo kwa kompyuta nyingi za biti 64 ni \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI. Flashi yoyote yenye faili hiyo inaweza kuiwasha kompyuta, mradi tu orodha iiruhusu.

Kutokana na utaratibu huo, diski iliyosahauliwa inaweza kushika usukani kwa njia tatu. Ya kwanza iko wazi: ikiwa kiendeshi cha diski au tundu la USB liko juu ya diski kuu katika orodha, kila kuwaka upya kutaanzia hapo. Ya pili hujificha zaidi, kwa sababu hata diski kuu ikiwa ya kwanza, siku itakaposhindwa kuwaka, kompyuta itashuka kwenye orodha hadi ikute kitu kinachowaka, na kitu hicho kitakuwa ile diski ya usakinishaji. Ya tatu huja baada ya miaka. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha nguvu, kwenye kompyuta nyingi mipangilio hurudi ilivyokuwa kiwandani pindi umeme unapokatika, na mara nyingi mpangilio wa kiwandani hutanguliza vifaa vya nje.

Kinachofanya jambo hili liwe gumu kuligundua ni kwamba diski hiyo haidhuru chochote wakati kompyuta imewaka. Inaweza kukaa kwenye trei kwa miezi mingi, hadi umeme ukatike, au mfumo endeshi ujiwashe upya baada ya kupokea masasisho, au saa ya ulinzi (watchdog), inayotambua kwamba kompyuta imeganda, iiwashe upya. Siku hiyo ikifika, aliyeiacha diski huwa ameshasahau, au ameshahamia kazi nyingine.

Hasara zenyewe

Hasara nyepesi kuliko zote ni kompyuta kusimama na kusubiri. Diski za Windows zina kinga ndogo dhidi ya hili: kompyuta inapowaka kutoka kwenye DVD, huonekana ujumbe unaotaka mtu abonyeze kitufe chochote, na asipobonyeza kwa sekunde chache, kompyuta huendelea hadi diski kuu. Kinga hiyo si ya kutegemewa sana. Kwanza, haipo kwenye flashi, kwa kuwa flashi huanzisha programu ya usakinishaji moja kwa moja. Pili, baadhi ya mafundi huiondoa kwa makusudi wanapotengeneza diski za kusakinisha bila kuuliza maswali. Tatu, kompyuta haitofautishi kidole cha mtu na kitufe kilichokwama, kifaa cha kusomea misimbo ya bidhaa, au kitabu kilichowekwa juu ya kibodi. Kwa upande wa Linux, desturi hutofautiana: diski za openSUSE, kwa mfano, zimejulikana kwa menyu ambayo chaguo lake la kwanza ni kuwaka kutoka diski kuu, ilhali diski za usambazaji mwingine huingia kwenye usakinishaji baada ya muda mfupi, na nyingine hubaki kwenye menyu hadi mtu aje.

Kompyuta iliyokwama hivyo humpotosha msimamizi aliye mbali. Programu ya usakinishaji ya Linux mara nyingi huwasha kadi ya mtandao na kuomba anwani, hivyo kompyuta hujibu inapoulizwa kama ipo, lakini huduma zake zote zimekufa. Msimamizi huanza kuchunguza ngome ya mtandao, kisha hifadhidata, kisha vyeti vya usalama, ilhali mfumo endeshi alioufahamu haujawaka kabisa. Ukikuta seva inajibu mwito wa mtandao lakini imefunga milango yake yote mara baada ya umeme kurudi, dhana ya diski iliyosahauliwa inastahili kuwa miongoni mwa za mwanzo.

Hasara nzito ni kufutwa kwa data. Diski ya kawaida huuliza kabla ya kufuta. Diski iliyotengenezwa kwa usakinishaji wa kujiendesha haiulizi, kwa sababu majibu yote yameandikwa ndani ya faili ya majibu. Windows hutafuta faili iitwayo autounattend.xml kwenye mzizi wa diski au flashi yoyote iliyochomekwa, na faili hiyo inaweza kuwa na agizo la WillWipeDisk linaloifuta diski nzima. Red Hat na mifumo mingine ya Linux iliyo jamaa zake hutumia faili ya majibu iitwayo Kickstart, ambamo mistari miwili tu, zerombr na clearpart --all, inatosha kuondoa kila kilichokuwepo. Debian ina mfumo wake uitwao preseed. Diski ya namna hii ikiachwa ndani ya seva inayofanya kazi, kukatika kwa umeme kwa dakika moja kunatosha kuirudisha seva katika hali ya upya, yenye mfumo safi, isiyo na data hata moja.

Watengenezaji wa Ubuntu waliliona hilo. Katika utaratibu wao wa autoinstall, ulioanza na seva ya toleo la 20.04, faili ya majibu peke yake haitoshi: programu husimama na kuomba ithibitishwe kabla ya kugusa diski, isipokuwa neno autoinstall liwe limeandikwa kwenye mstari wa maagizo ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Lengo ni kufanya iwe vigumu kwa mtu kutengeneza kwa bahati mbaya flashi inayofuta kila kompyuta inamochomekwa. Wapo wanaolalamika kwamba hatua hiyo inawachelewesha. Kwa maoni yangu ni uamuzi wa busara kuliko yote niliyoiona katika programu za aina hii, na anayeiondoa kinga hiyo anapaswa kuwa na sababu anayoweza kuitetea.

Zingatia pia kwamba hatari inaweza kugawanyika katika vipande viwili visivyotisha kila kimoja kikiwa peke yake. Programu ya usakinishaji ya Red Hat hutafuta yenyewe faili ya ks.cfg kwenye kifaa chochote kilichopewa jina la OEMDRV. DVD ya kawaida isiyo na faili ya majibu, pamoja na flashi ndogo yenye jina hilo iliyoachwa kwenye tundu la nyuma, kwa pamoja hufanya mashine ya kufuta diski. Anayekagua DVD peke yake hataona tatizo.

Mzunguko usiokwisha ni sura nyingine ya tatizo hilohilo. Usakinishaji wa kujiendesha ukimalizika kwa kuwasha kompyuta upya, na diski ingali ndani na ingali ya kwanza katika orodha, kazi huanza tena tangu mwanzo, na kuendelea hivyo usiku kucha. Kompyuta huonekana ina shughuli nyingi, taa zake zinamweka, lakini asubuhi haijafika popote. Kickstart ina agizo la reboot --eject linalojaribu kuitoa diski kabla ya kuwasha upya. Agizo hilo hufanya kazi kwa trei tu. Flashi haina njia ya kujichomoa. Na hata trei ina masharti yake, kwa kuwa ikifunguka ndani ya kabati lililofungwa mlango hugonga mlango na kurudi ndani, nayo diski ikiwemo.

Kuhusu diski kuu ipi inafutwa, kuna mtego unaowapata hata waangalifu. Linux huzipa diski majina kama sda na sdb kwa mfuatano wa kugunduliwa, si kwa mahali zilipochomekwa. Flashi ya usakinishaji nayo hupewa jina katika mfululizo huo. Faili ya majibu inayosema "sakinisha kwenye sda" inaweza siku moja kumaanisha diski ya mfumo, na siku nyingine, kwa sababu tu flashi imechomekwa kwenye tundu jingine au diski moja imechelewa kuamka, ikamaanisha diski ya data. Windows huzihesabu diski kuanzia sifuri, nayo haitoi ahadi kwamba namba hiyo itabaki vilevile. Mtu akiwa mbele ya skrini ataona ukubwa wa diski usiolingana na kuacha. Faili ya majibu haioni.

Kwa upande wa usalama, diski ya usakinishaji iliyoachwa kwenye kompyuta isiyo na mwangalizi ni zana aliyoandaliwa mvamizi. Karibu kila diski ya aina hii inaweza kufungua dirisha la maagizo lenye mamlaka yote, bila kuuliza nenosiri la mfumo uliomo ndani, kwa sababu mfumo huo haujawashwa. Mwenye dirisha hilo anaweza kusoma mafaili, kuyanakili, na kubadilisha nenosiri la msimamizi. Watu wengi hudhani Secure Boot inazuia jambo hili. Haizuii: kazi yake ni kukataa programu za kuwashia zisizo na sahihi inayotambulika, na diski rasmi za Windows na za Linux nyingi zinayo sahihi hiyo. Ongeza juu ya hayo kwamba faili ya majibu mara nyingi hubeba nenosiri la msimamizi, nenosiri la mtandao usio na waya, ufunguo wa leseni na hata akaunti ya kuunganishia kompyuta kwenye mtandao wa ofisi. Katika faili za Windows, kuficha nenosiri kunakofanywa na zana zake ni kuligeuza maandishi tu, na yeyote mwenye ujuzi mdogo anaweza kulirudisha lilivyokuwa.

Kompyuta zilizofungwa kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, zina usumbufu wao wa pekee. Chipu ya TPM, inayohifadhi ufunguo wa diski, hutunza kumbukumbu ya jinsi kompyuta ilivyowaka, na mabadiliko katika njia hiyo yanaweza kuifanya isitoe ufunguo. Microsoft yenyewe imetaja, miongoni mwa mambo yanayoweza kuleta skrini ya kuomba ufunguo wa kurejesha, kuweka kiendeshi cha diski mbele ya diski kuu katika orodha kisha kutia au kutoa diski. Data haipotei, lakini kompyuta itakaa kwenye skrini hiyo mpaka aje mtu mwenye ufunguo wa tarakimu 48.

Hatimaye, diski huzeeka. Mfumo uliosakinishwa upya kutoka kwenye diski ya miaka mitatu huzaliwa ukiwa na mapengo ya usalama ya miaka mitatu, na unaingia mtandaoni ukiwa hivyo. Kuna pia upande wa pili wa kuzeeka huko. Tangu udhaifu wa BootHole ulipogunduliwa mwaka 2020 katika GRUB2, programu ya kuwashia inayotumiwa na Linux nyingi, watengenezaji wamekuwa wakizifutia kibali programu za zamani za kuwashia. Mnamo Agosti 2024 sasisho la Windows lililohusu jambo hilo lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili zikatae kuwasha Linux, na diski za Linux za zamani nazo zilikataliwa. Kwa hiyo diski uliyoiacha kama akiba ya dharura inaweza kugoma siku ya dharura, na kama iko ya kwanza katika orodha, baadhi ya kompyuta zitasimama kwenye ujumbe wa kosa badala ya kuendelea hadi diski kuu.

Kabla ya kusakinisha

Weka diski kuu ya kwanza katika orodha ya kuwashia na uiache hivyo daima, hata kabla ya kuweka mfumo wowote. Diski kuu tupu haiwaki, kwa hiyo kompyuta itashuka yenyewe hadi kwenye diski ya usakinishaji. Na mara mfumo utakapokuwa umewekwa, kuwaka kwa pili kutaenda kwenye diski kuu bila mtu kugusa kitu. Mpango huu mdogo huondoa mzunguko usiokwisha katika usakinishaji mwingi wa mara ya kwanza. Hautoshi pale ambapo mfumo wa zamani upo tayari, wala pale ambapo ubao mama una tabia ya kutanguliza flashi mpya kila inapochomekwa.

Kwa kompyuta yenye mfumo tayari, tumia agizo la kuwaka mara moja. UEFI ina kigezo kiitwacho BootNext, ambacho hutumika kwa kuwaka kunakofuata tu kisha hujifuta. Katika Linux, andika efibootmgr peke yake ili uone namba ya kila kifaa, halafu efibootmgr -n ikifuatiwa na namba ya kifaa unachotaka. Kwa seva zenye kidhibiti cha mbali kinachofuata IPMI, kanuni ya kusimamia seva bila kuwa karibu nayo, agizo la ipmitool chassis bootdev cdrom nalo ni la mara moja, ilimradi usiongeze options=persistent; ongeza options=efiboot ikiwa seva inatumia UEFI. Kumbuka kwamba kwa kanuni za IPMI agizo hilo linaweza kuisha muda wake usipoiwasha upya seva ndani ya sekunde 60, hivyo tuma agizo la kuwasha upya mara moja baada yake badala ya kwenda kunywa chai kwanza.

Ndani ya faili ya majibu, itaje diski lengwa kwa utambulisho wake usiobadilika. Kwenye Linux tumia jina lililomo katika /dev/disk/by-id, ambalo hubeba aina na namba ya utengenezaji ya diski. Kama faili moja itatumika kwa kompyuta nyingi, weka sharti la ukubwa au aina, na uandike hatua ya awali inayokagua kama diski ina data na kusitisha kazi ikiikuta. Usiweke nenosiri la kudumu humo. Weka la muda, likiwa limesimbwa, kama inavyowezekana kwa rootpw --iscrypted katika Kickstart, kisha ulibadilishe pindi kompyuta ikishaingia mtandaoni.

Amua pia mapema kazi itaishaje. Kama diski haiwezi kutolewa na mtu wala na kompyuta yenyewe, kuzima ni salama kuliko kuwasha upya. Kickstart ina poweroff, na preseed ina kigezo cha debian-installer/exit/poweroff. Ukisahau kutaja lolote katika Kickstart, programu itamaliza kwa kusimama tu, ikisubiri mtu. Kompyuta iliyozimika huonekana wazi kuwa imemaliza, na anayekuja kuichukua huitoa diski kabla ya kuiwasha. Iliyowaka upya huenda tayari imeanza kujifuta kwa mara ya nne.

Baada ya kusakinisha

Toa diski. Sentensi hiyo inaonekana haihitaji mwongozo, lakini ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa wakati huo kila mtu anatazama kama mfumo mpya umewaka. Ifanye iwe sehemu ya kukabidhi kazi: kompyuta haihesabiki kuwa tayari mpaka aliyekuja kuipokea aone trei ikiwa tupu na matundu yote ya USB, pamoja na yale ya nyuma na yale yaliyo kwenye ubao mama ndani ya seva, yakiwa hayana flashi.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya UEFI. Zima kuwaka kupitia USB, kupitia kiendeshi cha diski na kupitia mtandao, au uondoe vifaa hivyo kwenye orodha badala ya kuvishusha tu. Weka nenosiri la mipangilio. Kwenye kompyuta za zamani zenye BIOS, hakikisha pia kwamba imewekwa isisimame inapokosa kibodi, kwa kuwa kompyuta isiyo na mwangalizi mara nyingi haina kibodi. Nenosiri la mipangilio ni kizuizi kwa mpita njia. Mwenye bisibisi na muda wa kutosha anaweza kufungua sanduku na kuondoa mipangilio yote, au kuichomoa diski kuu akaondoka nayo. Kinga ya data yenyewe ni kuisimba diski nzima, kwa BitLocker au, katika Linux, kwa LUKS. Kwa kompyuta isiyo na mwangalizi, ufunguo utunzwe kwenye TPM au utolewe na seva kupitia mtandao, la sivyo kila umeme ukikatika itabidi mtu aende kuandika nenosiri.

Badilisha betri ya ubao mama kwa ratiba. Kwa kawaida ni CR2032, na ni kifaa cha bei ndogo mno kuachwa kiamue kompyuta itawaka kutoka wapi.

Mwisho wa hatua hii ni jaribio, na jaribio lenyewe liwe la kweli. Funga huduma zote, zima mfumo kwa utaratibu, kisha chomoa waya wa umeme, kibodi, kipanya na skrini. Rudisha umeme tu. Kompyuta iwake yenyewe, iingie mtandaoni na huduma zake zianze. Isipowaka kabisa, tafuta katika mipangilio sehemu inayoeleza kompyuta ifanye nini umeme unaporudi. Rudia jaribio ukiwa umechomeka flashi ya usakinishaji isiyo na faili ya majibu, uone kama kompyuta inaipuuza kweli. Kuwasha upya kwa agizo la mfumo endeshi hakutoshi kama jaribio, kwa kuwa baadhi ya kompyuta hutafuta vifaa kwa namna tofauti zinapowaka kutoka katika kuzimika kabisa.

Pale ambapo diski haina budi kubaki

Kuna mahali ambapo safari ya kwenda kutia diski ni ndefu au ghali kiasi kwamba fundi hutaka kuacha kitu cha kuokolea. Ni haja halali. Njia ninayoipendelea ni kutenga sehemu ndogo ya diski kuu, au diski ndogo ya pili ya ndani, na kuweka humo mfumo wa uokoaji ambao hauwaki mpaka uchaguliwe kwa BootNext au kwenye menyu ya GRUB. Ikibidi iwe diski ya nje, itengeneze upya menyu yake. Kwa diski zinazotumia programu ya kuwashia ya ISOLINUX, chaguo la msingi liwe lile lenye agizo la LOCALBOOT, linaloipeleka kompyuta kwenye diski kuu, na uweke TIMEOUT, yaani muda wa kusubiri. Namba ya TIMEOUT huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, hivyo 100 ni sekunde kumi. Wanaoandika 10 hupata sekunde moja na kushangaa menyu inapopita kabla hawajaisoma. Kwa UEFI, chaguo la msingi la GRUB liwe na agizo la exit, linalorudisha kazi kwa UEFI ili iendelee na kifaa kinachofuata. Tabia hii hutofautiana kati ya bao mama, kwa hiyo ijaribu kwenye kompyuta ileile itakayotumika. Diski ya kuachwa kamwe isiwe na faili ya majibu, na ibadilishwe kila toleo jipya la mfumo linapotoka.

Seva zenye kidhibiti cha mbali, kama iDRAC au iLO, huondoa haja ya diski halisi kwa kukuruhusu kuunganisha faili ya ISO, yaani nakala ya diski nzima, kutoka ulipo. Tofauti ni kwamba diski hiyo pepe haionekani kwa macho. Anayekagua chumba ataona trei tupu, ilhali ISO ingali imeunganishwa. Ikate mara usakinishaji unapoisha. Vivyo hivyo kwa mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya seva: ISO iliyobaki imeunganishwa inaweza kuwasha programu ya usakinishaji, na katika VMware inaweza hata kuzuia mashine hiyo kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine.

Kwa kompyuta nyingi za mahali pamoja, kusakinisha kupitia mtandao kwa PXE ni bora kuliko rundo la flashi, lakini kwa sharti moja: seva ya usakinishaji iwe na kumbukumbu. Ikimpa kila anayeomba, tatizo la mzunguko hurudi vilevile. Cobbler, kwa mfano, ambayo ni programu ya kuendesha usakinishaji wa namna hii, ina mpangilio uitwao pxe_just_once, ambao huifanya seva ikome kuitolea kompyuta programu ya usakinishaji baada ya kumaliza mara moja. Kompyuta hutambuliwa kwa anwani ya kadi yake ya mtandao, na isiyo kwenye orodha huambiwa iwake kutoka diski yake.

Kukagua kompyuta zilizokwisha sambazwa

Kama tayari unasimamia kompyuta nyingi zilizo mbali, huna haja ya kuzizungukia zote. Kwenye Linux, lsblk -o NAME,RM,SIZE,LABEL huonyesha vifaa, na safu ya RM yenye 1 huashiria kifaa kinachoweza kutolewa. Jina la diski, kama lile la toleo la mfumo, hujitokeza kwenye LABEL. Tazama hasa sr0, ambacho ni kiendeshi cha diski, na kifaa chochote kidogo usichokitarajia. Agizo la efibootmgr huonyesha BootCurrent, yaani kifaa kilichotumika safari hii, pamoja na BootOrder. Kwenye Windows, Get-Volume katika PowerShell huorodhesha diski na flashi zilizopo pamoja na majina yake. Kwa seva, ingia kwenye kidhibiti cha mbali uangalie kama kuna ISO iliyounganishwa.

Ukikuta diski kwenye kompyuta inayofanya kazi, usiiwashe upya kwanza, hata kama kuna sasisho linalosubiri. Ikiwa ni kwenye trei, agizo la eject huitoa, na trei ikibaki wazi diski haiwezi kusomwa. Ikiwa ni flashi, soma yaliyomo bila kuandika kitu, uangalie kama ina autounattend.xml, ks.cfg au faili ya preseed. Isogeze diski kuu juu ya orodha kwa efibootmgr -o, na uweke BootNext ielekee kwenye diski kuu kama tahadhari ya ziada. Kisha simamisha masasisho yanayojiwasha upya mpaka mtu afike na kuichomoa, na kama flashi ilikuwa na faili ya majibu yenye manenosiri, yabadilishe yote siku hiyohiyo, kwa kuwa huwezi kujua ni nani mwingine ameishika tangu ilipoachwa.